Pete za Rangi kwenye Nyaya za Jukwaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa waya mmoja nikaambiwa niukunje. Nikauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama tulivyokunja kamba ya kisima kwetu Nambambo. Mtu mmoja mfupi, mwenye kofia iliyopauka, akauchukua mikononi mwangu akaumwaga chini.

“Mdogo wangu, huo umeuvunja mbavu,” akasema. “Waya una mpindo wake. Ufuate kwanza unakotaka kwenda, ndipo uukunje.”

Huyo alikuwa Mzee Nampembe wa Chinongwe, nyapara wetu wa nyaya. Namwita mzee kwa heshima tu, maana wakati ule alikuwa bado na nguvu zake. Ninyi vijana mnaosoma haya mnivumilie. Shule yangu iliishia darasa la nne, na sina hakika kama mambo ya nyaya yanastahili kuandikwa. Lakini niliyafanya, na niliyafanya vizuri, kwa hiyo nayaandika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini, Nachingwea imejaa watu wa kazi ya karanga, yale mashamba makubwa ya Waingereza. Matrekta yanang'oa miti mchana kutwa, mahema na nyumba za bati zimeota kila upande. Wazungu walikuwa na ukumbi wao wenye jukwaa, wakipenda sana kuigiza michezo. Mkubwa wa idara yetu, Mzungu pia, tulimwita Bwana Umeme. Mchana tulitengeneza taa za karakana na za nyumba, na ukumbi ulipokuwa na mchezo tukahamia jukwaani.

Taa ya jukwaani haitundikwi ukutani ikaachwa. Kila mchezo inahama, na kila inapohama inataka waya wa urefu mwingine. Ukiwa mfupi unaunganisha miwili, na pale kwenye kiungo watu hujikwaa, plagi ikachomoka, mwigizaji akabaki gizani na maneno yake mdomoni. Ukiwa mrefu kupita kiasi ni hatari zaidi, kwa sababu waya unaopitisha umeme huku umejikunja unapata joto, na joto likizidi, mpira wake unayeyuka. Na urefu huwezi kuujua kwa kuangalia tu. Nyaya nyingine zilikuwa nene na nyingine nyembamba, kwa hiyo waya mnene wa futi ishirini ukikunjwa unalingana na mwembamba wa futi arobaini.

Nilipofika, Mzee Nampembe alikuwa tayari anafunga vitambaa kwenye nyaya ndefu, vipande vya kaniki kuukuu ya mkewe. Kwa hiyo wazo ni lake. Langu lilikuwa kutumia rangi, na kuipaka ncha zote mbili, ili ncha yoyote utakayoikamata ikuambie urefu. Na hata hilo, nikikaa nikafikiri, labda tulilisema pamoja.

Nilianza na nyekundu kwa zile ndefu kabisa. Bwana Umeme alipoiona aliruka.

“Wewe taka kufa? Nyekundu hapana! Nyekundu iko ndani!”

Alikuwa na haki. Ukichuna waya wa wakati ule unakuta nyuzi tatu: nyekundu ya moto, nyeusi ya kurudi, na ya rangi ya majani inayokwenda ardhini. Fundi akiona nyekundu nje anaweza kudhani ni habari ya moto. Akatukataza rangi zote tatu. Akatufundisha pia tusipake mpira wenyewe, kwa kuwa mafuta ya rangi huula. Tukawa tunazungusha utepe wa kitambaa kwanza, halafu rangi juu yake, mfano wa pete.

Tukaokota masalio ya rangi karakana ya matrekta. Nyeupe ikawa futi kumi, njano ishirini, bluu arobaini, na ile rangi ya kahawia ya kuzuia kutu ikawa themanini. Kati yetu walikuwapo Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, na kwa wengi wetu Kiswahili kilikuwa cha kazini na sokoni tu. Mmoja akiita njano, mwingine analeta nyingine. Mzee Nampembe akaamua ziitwe kwa vitu vya nyumbani: unga, bizari, buluu ile ya kufulia, na kutu. Tangu hapo hakuna aliyekosea. Wapishi wa ukumbini walikuwa wakitusikia tunapiga kelele “Nipe bizari mbili na unga mmoja!” nao wanajibu, “Chumvi je?”

Aliyekuwa hazipendi rangi hizo ni Karani wa Stoo. Alitoka pwani, kaptura yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Yeye alitaka vibati vyenye namba. Nisimwonee: hoja yake ilikuwa na uzito. Rangi inabanduka, namba iliyogongwa kwenye bati haibanduki, na stoo haiwezi kuhesabu mali kwa majina ya viungo vya mchuzi.

Tatizo ni kwamba Mzee Nampembe hakujua kusoma, hata namba. Na kazi ya karanga ilikuwa imeanza kunywea, watu wanapunguzwa. Karani alilisema waziwazi mbele yetu sote:

“Namba zikija, asiyesoma atarudi kung'oa visiki. Sijamtukana mtu, ndiyo kazi.”

Baadaye akanivuta pembeni. “Wewe unasoma. Unyapara ni wako, kijana. Nyamaza tu.”

Niliutaka unyapara, sitaficha. Lakini Bwana Umeme alipotuita kutuuliza, nilisema rangi zinatosha, na kwamba Mzee Nampembe anaijua kazi kuliko mimi. Kama ulikuwa ujasiri au ni mapenzi tu niliyokuwa nayo kwa yule mtu, mpaka leo sijui.

Bwana Umeme akakata shauri. Shule moja ya misheni kule Ruangwa ilikuwa imeomba taa kwa mchezo wa wanafunzi wa kumaliza mavuno. “Nenda Ruangwa. Mimi hapana kuja. Taa yote tayari mbele ya jua kuzama, rangi iko sawa. Hapana tayari, namba.” Karani akatumwa pamoja nasi, awe macho yake.

Tukasafiri nyuma ya lori, nyaya chini ya miguu yetu, jenereta ikivutwa nyuma. Ilikuwa kiangazi. Aliyepita njia ile kiangazi anajua vumbi lake, jekundu, laini kama poda. Tulipofika tulikuwa wekundu sote kuanzia kope mpaka vidole. Tukaruka chini, kila mtu akashika kazi yake.

“Bizari tatu upande wa kulia!” akaita Mzee Nampembe.

Kijana mmoja wetu, mwenyeji wa Malolo, akaleta tatu. Mmoja ukafika, mmoja ukaishia katikati ya uwanja, wa tatu ukabaki na mkunjo mkubwa kama chatu aliyeshiba. Mzee akaita kutu, ikaja unga. Nikainama kuangalia. Mafuta ya karakana yaliyoshika nyaya yalikuwa yamenasa vumbi, na pete zote, nyeupe, njano, hata bluu, zilikuwa rangi moja na barabara.

Watu walikwisha anza kufika na mikeka yao, Waislamu na Wakristo, maana watoto walikuwa wa wote. Mama mmoja akauliza kwa sauti, “Hawa wanapika au wanawasha taa? Tangu nimekaa nasikia unga, unga!” Uwanja mzima ukacheka. Mzee Nampembe hakucheka. Alikuwa akifukuzana na jua, anafungua nyaya moja moja na kuzinyoosha chini apate kuzipima kwa macho, na kwa mwendo ule jua lingemshinda.

“Rangi zenu zimekuwa ndugu,” Karani akasema, amesimama na mikono nyuma.

Tulikuwa tukifuta kwa mikono yetu, nayo ilikuwa michafu kuliko nyaya, ikawa tunapaka vumbi juu ya vumbi. Karani akatuangalia. Akawaangalia wale akina mama waliokaa. Kisha akaenda kwenye mtungi wa mwalimu, akachovya leso yake nyeupe, akapiga magoti na kaptura yake ile na kuanza kufuta pete.

“Bizari,” akasema, akautupa upande mmoja. “Unga. Buluu. Kutu. Mnashangaa nini? Leteni maji!”

Tukavua mashati tukafanya matambara. Mzee Nampembe akaita, nasi tukaleta bila kukosea hata mmoja. Jua lilipogusa miti, taa ya mwisho ikawa mahali pake, hakuna waya uliounganishwa wala uliojikunja. Jenereta ikanguruma, na uwanja ule wa Ruangwa ukang'aa. Watoto walipiga kelele kabla mchezo haujaanza. Nimeona taa nyingi maishani, lakini zile naziona mpaka sasa.

Njiani kurudi nilimuuliza Karani kwa nini alitusaidia. Kaptura yake ilikuwa haitamaniki.

“Nilitaka kuwashinda,” akasema. “Lakini sikutaka vumbi linishindie.”

Kwa Bwana Umeme alieleza yote kama yalivyokuwa, vumbi na leso, hakupunguza wala hakuongeza. Ikaamuliwa nyaya zibaki na rangi, zisafirishwe ndani ya magunia, na vibati vya namba viongezwe kwa hesabu za stoo. Mzee Nampembe akabaki nyapara. Mimi nikabaki msaidizi wake mpaka alipoacha kazi kwa hiari yake na kurudi Chinongwe kwenye ufuta.

Baada yake nilishika nafasi nyingi, Nachingwea na kwingine, na nilifundisha vijana ambao sasa ni mafundi wakubwa. Mashine nilizoziacha kazini sikuzielewa zote, nakiri. Siku ya kuagwa kwangu kijana mmoja alisimama kusoma cheo changu cha mwisho, cheo kirefu. Nikamkatiza. Nikamwambia aseme nilikuwa msaidizi wa Mzee Nampembe wa Chinongwe, nyapara wa nyaya za jukwaa. Akasema. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu.

Nilikuwa ninajisifu.