Kikombe Chenye Jina

Saa mbili kasorobo asubuhi, nesi wa shule anapanga vikombe vya plastiki mezani, kimoja kimoja, kama anayeandalia wageni chai. Nje, foleni imeshaanza vicheko.

"Shikamoo Mama Vikombe! Leo mkojo tutie sukari?"

"Marahaba. Nikiikuta sukari nakupeleka hospitali. Ingia."

Ni Ijumaa ya kupima dawa za kulevya. Halazimishwi mtu. Anayetaka anaingia chooni, anatoka na kikombe, na nesi anakishika kwanza kwa kiganja. Kikiwa na joto, sawa. Kikiwa baridi, mtu amekinga maji ya bomba. Kisha anachovya kijikaratasi. Mistari miwili, mwili hauna kitu. Mmoja tu, kuna kitu.

Leo vikombe ishirini na sita, vyote mistari miwili. Wiki iliyopita vilevile.

"Wanaokuja ni walewale," anasema. "Viranja, wanakwaya, wanaopenda kusifiwa. Wenye shida wanapita dirishani wakiangalia viatu vyao. Hapa kwetu mzima ndiye anayepanga foleni."

Mwenye shida mmoja tu hakupita dirishani. Binti wa kidato cha tatu. Wiki nne zilizopita aliingia foleni ikiwa imeisha, akafunga mlango mwenyewe.

"Nesi, mimi navuta bangi. Nataka kuacha, nashindwa. Nipime leo, halafu baada ya wiki nne nipime tena. Nikijua kuna mtu ananisubiri, nitaweza."

Nesi akamwapia kuwa ni siri. Halafu, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akakata plasta, akaandika jina la binti, akaibandika kwenye kikombe. Ukatoka mstari mmoja. Akamsindikiza hadi kona ya madarasa, akimshika bega.

Aliporudi, mwalimu wa nidhamu alikuwa ndani, anatafuta dawa ya kichwa, na kikombe bado kiko mezani. Jumatatu binti akatumwa nyumbani na barua ya kufukuzwa.

"Yeye alisoma tu," nesi anasema. "Mwandiko ni wangu."

Amekwenda kwa mkuu wa shule mara tatu. Mara ya mwisho akajibiwa, "Kupima ni hiari, nesi. Adhabu si hiari."

Jioni hii wiki nne zimetimia. Nesi anabisha kwenye nyumba ya vyumba viwili, kikombe kipya mkobani. Mama wa binti anapiga pasi nguo za watu, wala hainui uso.

"Karibu. Ila sina kiti cha watu wanaoapa."

Nesi anasimama. Nyuma ya pazia sauti inasema, "Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu. Siku imefika. Leo sijaandika jina."

Pasi inasimama kidogo.

"Nilikaa siku tatu bila kuvuta," binti anasema. "Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu nikapewa barua."

"Na sasa?"

"Sasa hicho kikombe kitakwambia nini usichokijua?"

Pazia halifunguki. Nesi anakiacha kikombe dirishani, anaaga, anaondoka.

Njiani anasema kuanzia wiki ijayo ataandika namba badala ya majina, ingawa hajui nani atamwamini tena. Na kila Ijumaa, kazi ikiisha, atakuja hapa.

Na wasipomfungulia?

"Nitakaa nje. Aliniomba nimsubiri. Hakusema wapi."