Kaa na Saa ya Futari

Alhamisi, tarehe 3 Aprili 2025. Upepo wa jangwani ulileta vumbi tangu alfajiri. Madirisha yote yalifungwa.

Saa nne asubuhi mhandisi Besma Trigui alisukuma kijiti cha kuongozea, maabarani kwake Sfax. Mbali kusini, ndani ya tangi la tindikali la kiwanda, roboti waliyoiita Kaa ilipaswa kunyoosha mkono ikwangue mashapo. Ilinyoosha, ikapitiliza. Besma akaurudisha mkono. Amri ikachelewa, ikafika kosa lile limeshapita na kuzaa jingine. Mkono ukatetemeka, ukaanza kuugonga ukuta wa tangi. Akaizima.

Simu ikalia. Alikuwa Mongi, mkuu wa wasafishaji kiwandani.

"Binti yangu, Kaa wako ana degedege! Au kavimbiwa vitamu vya Idi?"

"Ukuta mzima, baba?"

"Mzima. Ila meneja anataka tangi safi kesho. Kaa akishindwa, naingia mimi na mpira wangu wa maji, kama zamani." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Kwa mapafu hayo?"

"Mapafu gani? Niliyaacha humo humo."

Besma akafungua daftari. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa akipima amri zinachelewa kiasi gani mtandaoni, kila siku magharibi, wenzake wakishakimbilia futari na maabara ikabaki kimya. Hazikuzidi nusu sekunde hata siku moja. Akamwekea Kaa uwezo wa kuvumilia sekunde nzima, akajiona mwangalifu. Leo, vumbi limewafungia watu ndani na simu zao, zilikuwa sekunde mbili. Saa ile ya futari nchi nzima ilishika kijiko, si simu. Mtandao ulikuwa mtupu. Hakukosea kupima. Alikosea saa.

Akampigia meneja. "Kosa ni langu. Nahitaji wiki moja niusuke upya mfumo wa kumwongoza."

"Wiki sina, bibie. Kesho. Kaa au Mongi, chagua wewe."

Akakata simu, akaenda ghalani kutafuta waya, kikohozi kile bado kimo sikioni.

Kesho yake asubuhi alipanda gari la kwanza la kwenda kusini, amepakata waya mnene wa mita thelathini. Waya hauchelewi, lakini unaishia mdomoni mwa tangi, penye mvuke ule ule wa tindikali uliomla Mongi mapafu. Akamwamuru Mongi akae nje ya lango, akakaza barakoa, akaketi ukingoni, akashika kijiti.