Sura Tatu kwa Debe la Maji

Katika nyumba yetu ya Kariakoo, Wakristo tulikuwa wapangaji watatu, na kila alfajiri tulikaa ukumbini kumsikiliza mmoja wetu, karani wa forodha, akisoma Biblia. Nasema kusoma kwa heshima tu. Mtu yule alikuwa anakimbiza. Sura tatu kila siku, iwe mvua iwe jua, na akimaliza anafunga kitabu kwa kishindo na kututazama kama aliyepakua meli nzima peke yake. Mimi nilikuwa nauza maharage sokoni. Kibaba kilichojazwa hewa nakijua nikikiona.

Mwenye nyumba, bibi wa Kiislamu, mjane, alizivumilia kelele zile bila kutupandishia kodi. Mwenye nyumba wa namna hiyo simjui mwingine. Aliposhikwa na homa, na binti yake yuko Bagamoyo, tukapeana zamu za kumchotea maji bombani. Ikafika zamu ya karani. Mtungi wa bibi ukalala mtupu, ukaamka mtupu.

Asubuhi ile bibi akaita kutoka chumbani kwa sauti iliyokauka: "Wanangu, maji."

Karani alikuwa pale penye fulani kumzaa fulani. Akainua kidole tungoje, akaendelea kuzalisha.

Nikampelekea bibi kikombe kutoka mtungi wangu. Niliporudi nikaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Unalizuia Neno la Mungu!"

"Hao wamekufa zamani, ndugu karani, watangoja. Bibi hawezi kungoja. Zamu ya nani?"

"Yangu. Nikimaliza sura tatu."

"Mstari mmoja."

"Mmoja! Biblia unaifanya maharage?"

"Wewe ndiye unayeipima kwa debe. Mimi nataka mstari mmoja, lakini mzima. Ule wa kumpenda jirani. Wa pili hatuugusi mpaka huo umekwisha."

"Basi sura moja. Tusivunjiane heshima."

"Mstari mmoja, na debe hili hapa."

Mpangaji wa tatu, fundi viatu asiyefungua mdomo kabla ya chai, akacheka mpaka akakohoa. Karani akausoma mstari, na kwa mara ya kwanza nikasikia kila neno. Kisha akavua viatu vyake vya ofisini, akavipanga mlangoni kwa uchungu mkubwa, akatoka na debe.

Aliporudi nililichungulia debe. Nikachungulia tena. Nusu.

"Hapo umesoma nusu mstari," nikamwambia.

Akanisonya, Mkristo mwenzangu, akarudi bombani.

Debe la pili lilimwagika mabegani mwake hata shati la ofisini likamganda, lakini lilifika limejaa. Akampa bibi maji kwa mkono wake, akamshikia kata mpaka akamaliza kunywa.

Bibi akapumua, akamtazama.

"Leo mbona mmesoma kidogo, baba? Unaumwa?"

"Hapana, bibi," karani akajibu, bado anahema. "Mstari wa leo ni mrefu."