Walimwazima Binti Yangu

Mji wetu una mastaa watatu, na wote watatu nimewajua wakiwa na njaa.

Wa kwanza ni mwimbaji wa bendi. Alikuja kumzika baba yake amevaa miwani ya jua, akaivua mara moja tu, pale mpiga picha alipomwambia machozi hayaonekani. Wa pili ni mwanamke wa Bunda, aliyekulia hapa kwetu. Alianzia kwenye michezo ya redio, na biashara ilipokuwa ruksa akawa sauti ya tangazo la sabuni. Tulipokuwa wadogo sabuni ilikuwaga haionekani madukani. Tulifulia majani ya mpapai, na yeye alifulia hayo hayo, mpaka mti wa kwao ukabaki kama nguzo. Sasa anatufundisha, kwa sauti ya puani, sabuni gani inamfaa mwanamke wa kisasa.

Wa tatu ni jirani yetu wa Kamunyonge. Huyu ndiye ninayetaka kumsema.

Alikuwa mchekeshaji wa jukwaani Dar es Salaam, na kitu alichokuwa anachekeshea ni sisi. Alivaa koti refu, akashika fimbo, akaongea Kiswahili cha huku kwetu kama mtu anayegombana na ng'ombe. Watu wa Dar walivunjika mbavu. Habari zikifika nyumbani watu walifurahi. Ukiwauliza wanafurahia nini hasa, wanakwambia, "Si tunatajwa?"

Mwaka niliojifungua alirudi na kamera ya video, na kijana wa Mwanza wa kuishika, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kupiga harusi. Akasema anatengeneza filamu ya kwanza ya Musoma. Tusimwite kwa jina lake tena, tumwite dairekta. Watu wazima, wenye wajukuu, wakamwita dairekta.

Filamu ilihitaji mtoto mchanga. Wangu alikuwa na miezi minne.

Sikumtoa kwa sababu ya dairekta. Nilimtoa kwa sababu ya mama yake. Mimi mama yangu alishafariki, na mume wangu, alipopunguzwa kazini, alikwenda Buhemba kuchimba dhahabu, anarudi akikumbuka. Nilipojifungua, aliyekuja kunikanda ni mama wa dairekta. Alichemsha maji, akanikanda tumbo na mgongo asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na ndiye aliyemwogesha binti yangu kwa mara ya kwanza. Huku kwetu mwanamke aliyekukanda humwambii hapana. Alipokuja akasema, "Mwanangu, tuazime huyo mtoto siku mbili," nilikuwa nimeshaanza kumtafutia kofia.

Siku ya kwanza walipiga picha Buhare, kwenye mawe ya kando ya ziwa. Mwanamke wa Bunda aliigiza mjane aliyefukuzwa na mashemeji. Akae juu ya jiwe, alie, na mtoto alie. Mjane gani amepaka rangi ya kucha, sikuuliza. Waliniambia nisimnyonyeshe tangu asubuhi ili, kwa maneno ya dairekta, "tupate hisia." Na mimi mwenye cheti cha kidato cha nne nilikubali. Hilo nalijua na sitalipaka sukari.

Binti yangu hakulia. Aliwacheka. Alivuta hereni za mjane, akajaribu kula kitambaa chake cha kilio. Walirudia mara nne, jua linazidi kupanda.

"Huyu mtoto haelewi kabisa mchezo," dairekta akasema.

"Labda hajasoma," nikamjibu.

Hakucheka. Akaniambia nikae nyuma ya mawe, eti mtoto akiniona anapata raha. Nikaenda. Nikasikia wanaanza tena, halafu nikamsikia mtoto analia. Mama anajua vilio vya mwanawe. Kuna cha njaa, kuna cha usingizi, kuna cha siafu. Hiki sikuwahi kukisikia. Na juu yake sauti ya dairekta: "Safi. Safi sana. Endelea, dada, endelea."

Nilitoka mbio nikaingia mbele ya kamera nikamchukua. Kwenye paja kulikuwa na alama mbili za kucha, ngozi imechubuka.

"Ni sekunde tu, mdogo wangu," yule wa Bunda akasema. "Hata mimi nimelia kweli. Ona macho."

"Wewe nani amekufinya?"

Dairekta akashika kiuno. "Sanaa ina gharama yake."

"Basi toa paja lako."

Nikamfunga mtoto mgongoni nikarudi nyumbani kwa miguu. Nyuma yangu kijana wa harusi alikuwa anauliza kama azime kamera au aendelee.

Sasa tatizo lao likawa hili: mtoto alikuwa ameshaingia kwenye mkanda. Siku ya pili mjane alitakiwa kufa, na tajiri mwema ambaye, bila shaka, ni dairekta mwenyewe, amnyanyue yatima na kumwahidi shule. Bila mtoto wangu, tajiri mwema hana cha kunyanyua.

Asubuhi akaja mama yake. Hakukaa kwenye kiti nilichompa, alikaa chini kwenye mkeka, na mtu mzima akikaa chini mbele yako jua umekamatwa.

"Mwanangu, nimekuja mwenyewe," akasema. "Yule ni mtoto wangu wa pekee aliyefika mahali. Mji mzima unasubiri. Unataka niseme nini kwa watu?"

Nilimfunua mtoto, nikamwonyesha paja. Aliliangalia muda mrefu. Mikono yake ilijua lile paja kabla ya mikono yangu. Nilingoja aseme neno moja tu, hata la kumtukana mwanawe kidogo, na mimi ningempa mtoto saa ile ile. Nasema kweli, ningempa.

"Alama itaisha," akasema. "Filamu haiishi."

"Mama, ungeomba paja langu ningekupa. Hili si langu."

Alisimama kwa shida, akishika ukuta. Mlangoni akageuka. "Maji yale niliyokuwa nachemsha, sikujua nachemshia mtu wa namna hii." Tangu siku hiyo nikimwamkia alikuwa anaangalia upande wa ziwa.

Bombani nikawa mimi ndiye habari. "Ndiye huyu aliyeunyima mji filamu." "Anaringa na mtoto utafikiri ni wa kwanza kuzaliwa mkoa huu." Hawa ndio watu waliokuwa wanauziwa mapanki, vichwa na mifupa, baada ya minofu ya sangara kupanda ndege, na hawakuwahi kupandisha sauti juu ya hilo. Sauti waliitunza kwa ajili yangu.

Dairekta alipata mtoto mwingine Bunda, wa kiume, mkubwa kwa miezi miwili, mashavu kama mandazi. Filamu ilipokamilika ilionyeshwa ukumbini, televisheni mbili zikiwa juu ya meza. Nilikwenda. Sitadanganya kwamba sikutaka kuiona. Yatima aliingia kwenye shida akiwa msichana mwembamba, akatoka mvulana mnene, na ukumbi mzima ulifuta machozi. Hakuna aliyeuliza ni njaa gani inayonenepesha.

Kile kilio kilipofika, watu walishika vifua. Mama aliyekaa karibu nami akanigusa bega. "Mtoto wako ana kipaji, jamani."

Nikasimama. Sikupaza sauti, ila ukumbi ulikuwa kimya. "Haigizi huyo. Alifinywa. Dairekta alisimama hapo hapo anasema safi."

Yeye alikuwa kiti cha mbele. Hata hakugeuka. "Mama mtoto anataka jina lake liandikwe mwishoni," akasema, kwa ile sauti yake ya koti na fimbo, sauti yetu. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wanaochekwa na Dar wakanicheka mimi kwa lugha ile ile. Nilitoka na mwanangu mgongoni.

Siku chache baadaye wanawake wawili walikuja kwangu kimyakimya, wote wana watoto wachanga. Walitaka kuona alama. Alama ilikuwa imeshafutika, kama mama yule alivyosema. Nilichobaki nacho ni maneno, na maneno ya mtu aliyechekwa hayana uzito. Walikunywa chai yangu wakaondoka.

Aliyeniokoa simjui vizuri hadi leo. Ni mama wa yule mvulana mnene. Alikuja Musoma kununua dagaa, watu wakamuuliza pale mwaloni, wanaposhushia samaki, kwa utani, kama na yeye ana mtoto mwenye kipaji. Akawajibu bila kuacha kupima dagaa zake: "Kipaji gani? Wa kwangu walimfinya mara tatu. Ni mnene, vidole vilikuwa vinateleza."

Hilo halikuhitaji ukumbi wala televisheni. Lilitembea Kamunyonge, likapita Kitaji, jioni lilikuwa limefika kwangu, limeletwa na mmoja wa wale wawili waliokunywa chai. Hakuomba radhi. Alikaa tu, akamwachia mwanangu acheze na mwanawe.

Mwaka uliofuata dairekta akarudi kutengeneza sehemu ya pili, na ya pili nayo ilihitaji mtoto mchanga. Watu wa aina hii wakipata wazo moja wanazeeka nalo. Alizunguka nyumba kwa nyumba, mama yake mbele. Wote walimkaribisha, wote walimwita dairekta, wote walimpa kiti. Mtoto? Mtoto ana tumbo. Mtoto baba yake hayupo. Mtoto ndiyo kwanza amelala. Wiki ile Kitaji nzima watoto walikuwa na tumbo. Akajaribu Butiama, kwa watu wa ukoo wao, nako matumbo yalikuwa yamemtangulia.

Nilikuwa nje naanika nguo mama yake alipopita, anawapelekea kitu walikokuwa wanapiga picha. Kilikuwa mdoli, wa kutoka kwenye marobota ya mitumba, wamemfunika blanketi na kofia ili nywele za njano zisionekane. Mguu mmoja wa plastiki ulichomoza. Lakini yule mama alikuwa amemkinga shingo kwa kiganja, kama anavyoshikwa mtoto ambaye shingo haijakaza.

"Shikamoo, mama."

Mwaka mzima sikuwa nimejibiwa. Alisimama.

"Marahaba." Akaangalia alichobeba. "Huyu hata wakimfinya," akasema, na hakumaliza.

Niliacha nguo, nikamsogezea kigoda. Alikaa. Kule mawe ya Buhare staa wetu alikuwa anamsubiri yatima wake, na mimi nikaenda ndani kuweka maji ya chai jikoni, bila haraka yoyote.