Makapi ya Uwele Juu ya Mwamba

Binti yangu ndiye aliyenitonesha kidonda. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, sebuleni kwetu Area D, akitazama kwenye simu yangu watu wa nchi za baridi wakiteleza mlimani juu ya theluji. Wengine walifunga mbao mbili miguuni, wengine walisimama juu ya ubao mmoja kama wanaosubiri kupigwa picha. Akauliza kwa nini Dodoma hatuna mlima wa kuteleza. Nikajibu kwa majivuno, bila kufikiri, kwamba tunao, mimi mwenyewe nimekulia hapo, na Jumamosi nitampeleka. Ahadi kwa mtoto unaijua ilivyo. Alilala nayo akaamka nayo.

Mlima wenyewe usiukuze sana. Ulikuwa mwamba tu, mmoja wa ile miamba iliyozagaa Ugogo kote, upande wa Mkonze, nyuma ya nyumba ya bibi yangu. Juu ulikuwa tambarare, kisha ukashuka taratibu, laini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba, hadi kwenye mchanga wa korongo. Hatukulipa kiingilio. Tulifanya kazi.

Maana mwamba ule kwanza ulikuwa sakafu ya wanawake. Baada ya mavuno, upepo wa kipupwe ukishaanza kupasua midomo, bibi na jirani yake walipandisha uwele huko juu, wakaupura kwa fimbo na kuupeta kwa ungo. Makapi yaliruka yakatuingia shingoni, tukajikuna jioni nzima mbele ya ugali na mlenda. Kazi yetu watoto ilikuwa kuokota punje zilizonasa kwenye nyufa, magoti yanauma, macho yanaibia kutazama mteremko. Tukisema tumemaliza, bibi alipitisha kiganja chake juu ya jiwe, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Punje ikinasa kiganjani, tulirudia kazi yote. Kiganja kikitoka kitupu alisema, "Haya, sasa ni wenu."

Hapo ungetuona. Tuliyasukuma makapi kwa fagio hadi yakafunika mteremko, na nakuhakikishia, makapi ya uwele juu ya jiwe kavu yanateleza kuliko sabuni. Kila mmoja alikuwa na dumu lake la mafuta ya kula, limepasuliwa katikati na kufungwa kamba. Unakaa, unasukumwa, unapiga kelele, unajikuta mchangani huku meno yamejaa vumbi. Nguo ndizo zilizoumia. Mwalimu wetu alikuwa akitutazama mstarini asubuhi, anasema akiona viraka vya makalioni anajua nani kwao wamevuna.

Aliyeteleza amesimama alikuwa mmoja tu, binti wa jirani. Alinizidi umri kidogo, na miguu yake ilikuwa mirefu na mikavu. Alikunja magoti, mkono mmoja akashika kamba, mwingine akauacha hewani, akashuka kimya. Hakuwa na haja ya kelele. Nilimhusudu vibaya sana, na siku moja nilijikaza nikamwomba anifundishe. Akasema mavuno yajayo. Lakini mavuno yaliyofuata nilikuwa bwenini Kondoa, kisha likizo zikawa za masomo ya ziada, kisha bibi akafariki na nyumba ikauzwa. Nikapata kazi ofisini, mjini. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mwamba unanisubiri. Jiwe litakwenda wapi?

Jumamosi nilipasua dumu kwa kisu cha moto, nikalifunga kamba, tukapanda bajaji, mwanangu amelikumbatia njia nzima. Tulipofika nikadhani dereva amepotea njia. Pale palipokuwa na mwamba palikuwa na anga. Kilibaki kipande kimetafunwa pande zote, na mbele yake malundo ya kokoto, na wanawake wameketi kwenye vivuli vya magunia wakigonga mawe kwa nyundo. Mji unajengwa, kokoto zinatakiwa. Hata mimi nilijenga. Lori lilimwaga kokoto mlangoni kwangu, nikazikagua, nikaridhika nazo, na sikuuliza zilikotoka. Niliumia kusimama pale, nakwambia ukweli.

Mwanamke mmoja alinyanyua uso uliojaa vumbi jeupe.

"Mbukwenyi," alitusalimu Kigogo. Akanitazama sana. "Wewe si yule mjukuu wa bibi wa hapa nyuma?"

Aliposimama nikaijua ile miguu. Alikuwa yeye, binti wa jirani.

"Shikamoo," mwanangu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na hilo dumu?"

"Mama amesema hapa huwa mnateleza."

Aliniangalia, nami nikaangalia chini. Nilitaka aseme zamani hizo, tumalize, turudi nyumbani. Badala yake aliweka nyundo chini. "Tunateleza, ndiyo. Njoo."

Akampandisha juu ya lundo lake mwenyewe, kokoto alizozigonga kwa mikono yake, zikimwagika kila walipokanyaga. Akamsimamisha ndani ya dumu. Akamwonyesha jinsi ya kukunja magoti, mkono huu kamba, huu mwingine uache hewani. Nilikuwa chini na mkoba wangu, na magoti yangu yalikunjika yenyewe. Dumu likasogea kidogo, likakwama. Akalisukuma, likakwama tena. Nyundo za wenzake zikanyamaza.

Mwanangu alishuka kwa miguu, dumu mkononi, akajipangusa nguo.

"Limeteleza, mama," akasema. "Limeteleza vizuri." Kisha akamgeukia yule mwanamke. "Asante, mama mkubwa."

Sikujua mwanangu amejifunza lini kusema uongo wa namna hiyo. Nilipiga magoti nikaanza kuokota kokoto zilizotawanyika, naye akaja kuniokotea, tukazirudisha lunduni mpaka vidole vikatuuma. Mwenyeji wetu alituacha tufanye. Tulipomaliza aliinama akapitisha kiganja juu ya ardhi, polepole, kikatoka kitupu.

"Haya," akasema.

Nilingoja amalizie, nikiwa bado kwenye magoti. Akaokota nyundo yake, akaketi chini ya gunia.

"Nendeni salama."