Kidevu Kisicho na Ndevu

Siku fundi wa kufuli alipomwona kinyozi kwa mara ya kwanza, aliuona mgongo tu. Dada wa kinyozi alikuwa amemwita avunje mlango ambao haukufunguliwa tangu juzi. Kitasa kilikuwa kigumu, kikamchukua nusu saa nzima, na muda wote huo yule dada alikuwa amesimama nyuma yake akibembeleza, "Kaka, jibu basi. Jibu hata kwa kunitukana."

Mlango ulipoachia, kinyozi alikuwa amelala na nguo zake za kazi, macho wazi, uso ukutani. Hakugeuka.

"Umeharibu kitasa kizuri," alisema.

"Nitakirudisha," fundi akajibu. Ni mtu wa haya, maneno humkwama kooni, na siku hiyo ni neno hilo moja tu lililopatikana.

Alirudi kesho yake na kitasa kipya. Alipokuwa akikaza skrubu, dada akachuchumaa karibu yake, akamweleza kwa sauti ya chini. Mke wa kinyozi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mwanzoni kinyozi alilia kama watu wengine wanavyolia. Kisha akaacha kulia, akaacha kula, akaacha kufungua duka. Kwenye zahanati walimpa dawa, na muuguzi akamwambia asingoje moyo upende ndipo ainuke. Ainuke kwanza, anawe uso, afanye kazi moja ndogo, na awepo mtu mmoja wa kumwambia ukweli wa siku yake.

"Lakini kazi yake ni wembe," dada akasema. "Na nyembe zote nimezifukia kwenye pipa la unga. Unanielewa, fundi?"

Fundi alielewa. Alikwenda kibandani kwake, akatengeneza kisanduku cha bati chenye kufuli. Nyembe na mikasi vikaingia humo. Ufunguo, wakakubaliana wote watatu, ukae kwa fundi.

Kesho yake saa moja asubuhi fundi alisimama mlangoni pa duka, kofia mkononi, akitafuta la kusema.

"Nimekuja kunyolewa ndevu."

Kinyozi, aliyeletwa na dada yake na kujikunja kwenye kiti cha wateja, akamtazama kidevu kwa muda mrefu.

"Ndevu zipi?"

"Hizi."

"Hilo ni vumbi, bwana. Nenda ukanawe."

Hata hivyo aliinuka. Akachemsha maji, akakoroga povu. Fundi akafungua kisanduku, akaketi, akafumba macho, koo lake likiwa wazi mbele ya mtu ambaye dada yake mwenyewe alimfichia wembe. Mkono wa kinyozi ulitetemeka mpaka ulipogusa ngozi. Hapo ukatulia, kwa sababu ulikuwa ukiijua kazi yake.

Akaja na kesho yake, na siku zilizofuata. Wiki ya pili uso wa fundi ulikuwa unawaka moto.

"Nitakumaliza uso wote, Kidevu," kinyozi akasema. Jina likamkaa.

Kwa kuwa wote wawili hawakujua kusema mambo ya moyoni, walijitafutia njia. Kila asubuhi fundi aliuliza, "Leo kilo ngapi?" na kinyozi akajibu kama mpagazi anayetaja uzito wa mzigo wake. Thelathini. Hamsini. Gunia zima. Siku ya gunia zima hakukuwa na kunyoa. Walitembea hadi lami inapoishia, wakarudi. Siku nyingine kinyozi hata mlangoni hakufika, na fundi alimfungulia dirisha, akaweka bakuli la maji ya kunawa kando ya kitanda, akaketi.

"Nenda kazini, Kidevu."

"Bado."

"Wateja wako wamefungiwa nje."

"Watazoea."

Mdomo wa kinyozi ulisogea kidogo, pembeni tu.

Haikuwa safari ya kupanda moja kwa moja. Baada ya wiki tano nzuri aliurudia ukuta siku tisa, na fundi, njiani kurudi kibandani, alifuta macho kwa mkono wenye grisi, akiamini kwamba amempoteza. Siku ya kumi kinyozi alisema, "Arobaini," kabla hajaulizwa.

Mwaka ulipita hivyo, na miezi kadhaa juu yake. Kisha mchana mmoja, mteja akiwa kwenye kiti na taulo begani, kinyozi akashika kifua, akaanguka. Msibani dada alimwambia kila aliyeingia, "Ni moyo. Daktari amesema ni moyo." Alipomfikia fundi alilirudia mara tatu, akimshika mikono yote miwili. Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Alijua. Alikuwa naye asubuhi ya siku ile ile.

Asubuhi hiyo alikuwa ameuliza, "Leo kilo ngapi?"

"Kumi na mbili. Na nne kati ya hizo ni zako, unavyokikalia kiti changu."

Walipomaliza, fundi alirudisha wembe kisandukuni, akafunga. Kisha akafanya jambo aliloliwaza kwa wiki nzima. Alimnyooshea kinyozi ufunguo.

"Chukua. Sasa ni wako."

Kinyozi aliutazama, mikono yake ikiwa bado na povu. Hakuupokea.

"Kaa nao," alisema. "Na kesho uje, Kidevu. Hata kama hazijaota."