Mama Victoire, Fundi wa Kufunga Utosi

Kwanza mjue kwamba Mama Victoire ana kiburi. Nasema mapema kwa sababu siku hizi watu wakimsimulia wanamfanya mtakatifu, nami nimekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Kabondo, mjini Kisangani, tangu waume zetu wakiwa hai. Akipika liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani, anataka mtaa mzima unuse. Akivaa liputa jipya la kitenge, atapita mbele ya mlango wangu, atarudi, atapita tena, mpaka nimwambie amependeza. Ndipo atajifanya kushangaa: "Ah, hii? Hii ni ya zamani."

Lakini kiburi chake kikubwa kilikuwa kwenye vichwa vya watoto wachanga. Alipotoka Yanonge kuja kuolewa mjini, alikuja na dawa ya mama yake: mafuta ya mawese, gome la mti lililochomwa, na fuvu la ngolo, yule kambale ambaye ukimpiga kwa mti kichwani, mti ndio unaovunjika. Fuvu hilo aliliunguza na kulisaga hadi likawa unga mweusi. Kwao waliamini kwamba ugumu wa ngolo unahamia kwa mtoto. Basi kila asubuhi akina mama walijaa uani kwake na vitoto vyao. Alichovya kidole, akapaka pale utosini, mahali palaini panapopanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Aliendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, hadi pakawa pagumu. Siku hiyo familia ilimletea kuku, naye akatangaza mbele ya wote: "Nimefunga!"

Hata mwanangu Noël alifungwa na yeye. Sijui alizidisha ngolo kiasi gani, maana kichwa cha Noël ni kigumu hadi leo, hasikii la mtu.

Mama Victoire (Victoire ni jina lake mwenyewe, si la mtoto) ana mwana mmoja, Dady, dereva wa pikipiki ya abiria, kijana mpole ambaye hawezi kununua hata viatu bila kumuuliza mama yake. Dady alimwoa Chimène, msichana wa Isangi, na mwaka jana wakapata binti, Aimée. Huyo mjukuu alipakwa dawa kuliko mtoto yeyote wa Kabondo. Asubuhi alipakwa, jioni akapakwa tena. Na alipotimiza miezi mitatu tu, utosi ukawa umekwisha kufunga, mgumu kama wa mtu mzima.

Basi hapo ndipo tulipochoka na majigambo. Karamu iliandaliwa, tukala pondu ya majani ya muhogo na samaki, na yeye akazunguka na mtoto mikononi akiwaonyesha wageni. "Miezi tatu! Mutoto gani ya Kisangani ilifunga na miezi tatu? Muniambie!" Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona. Tulipiga vigelegele, tukaenda kulala.

Aliyeacha kufurahi wa kwanza ni Chimène. Kofia alizomfumia mtoto zilikuwa zinabana mbele na nyuma, huku pembeni zinapwaya. Kichwa cha Aimée kilikuwa kinarefuka kwenda kisogoni, kikibaki chembamba upande wa masikio, na katikati, juu, ukipitisha kidole ulikuta tuta la mfupa. Mimi nilisema wazi kwamba kichwa hicho hakiendi sawa. Mama Victoire akanijibu kuwa ndicho kichwa cha mtu wa akili, na kwamba mimi nisingejua. Akanuna, akaacha kunisalimu.

Chimène hakubishana na mtu. Alimbeba mtoto akampeleka hospitali, akarudi analia. Docteur Kahambu, mama mmoja wa Butembo anayetibu watoto, alikuwa amemwambia kwamba mshono mmoja wa fuvu umejifunga kabla ya wakati wake. Ubongo wa Aimée unakua, unasukuma, haupati nafasi. Inafaa wafungue huo mfupa. Madaktari wa kupasua vichwa walikuwa wanatarajiwa kuja kufanya kazi kwa muda mfupi, na Aimée alikuwa katika umri unaofaa kwa upasuaji huo. Wakiondoka bila kumtibu, mfupa utazidi kuwa mnene, upasuaji utakuwa mzito, na ubongo unaweza kuumia.

Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Kufikia jioni, Kabondo yote ilikuwa inasema kwamba dawa ya Mama Victoire imefunga kichwa cha mjukuu wake mwenyewe. Uani kwake pakabaki kuku wake tu. Kutoka Isangi, shangazi wa Chimène akapiga simu na kutamka neno ambalo katika mji wetu linaweza kumfukuza mwanamke mzee nyumbani mwake: kwamba anamla mtoto kwa uchawi. Chimène akamzuia mama mkwe asimguse Aimée tena. Nilimwona Mama Victoire amekaa peke yake karibu na jiko lililozimika, na niliumia moyo, pamoja na kwamba bado alikuwa ameninunia.

Ila hata hapo kiburi hakikumtoka. "Hakuna mutu atapasua kichwa yenye nilifunga," alisema. Na Dady, ambaye kama baba ndiye alitakiwa kukubali, alikuwa mwana wa mama yake, akawa hawezi kumpa daktari jibu. Chimène alimwomba, akamlilia, akamtukana. Dady alikwenda kuosha pikipiki yake. Madaktari wageni walikuwa wamekwisha kufika mjini, nasi tulikuwa tunaangalia nafasi ya mtoto ikipita kwa sababu ya mtu mzima asiyetaka kushindwa.

Nikashikwa na hasira. Niliacha mikate yangu ya kuuza kwenye mafuta, nikaenda kumshika mkono. "Mama Victoire, simama. Tunaenda kwa docteur. Utaongea na yeye weye mwenyewe." Nadhani alikuja kwa ajili ya kugombana.

Docteur Kahambu alitupokea vizuri. Alikuwa na mafuvu mawili ya plastiki mezani, dogo la mtoto mchanga na kubwa la mtu mzima. Akamsogezea Mama Victoire lile dogo.

"Angalia, mama. Mutoto anazaliwa na mifupa ya kichwa mbalimbali, haijashikamana. Hapa katikati iko laini. Njo maana kichwa inaweza kujikunja na kupita wakati ya kuzaa. Kisha ubongo inakua, inasukuma, na mifupa inaongezeka hapa ku mishono."

"Na utosi?"

"Utosi inajifunga yenyewe, karibu na mwaka moja, ao moja na nusu. Lakini mishono inabaki." Akavuta lile fuvu kubwa, akapitisha kidole kwenye mistari yake yenye meno kama ya msumeno, yaliyoshikana. "Ona venye inashikana. Kufungika kabisa, ni kisha mutu amekomaa. Bengine miaka makumi tatu, bengine makumi ine, bengine bazee kabisa. Yako, mama, pengine imekwisha kufungika. Yangu iko njiani."

Nilijikuta napapasa kichwa changu chini ya kilemba. Mama Victoire hakucheka.

"Na dawa yangu?" akauliza.

"Dawa yako inabakia ku ngozi, mama. Haifike ku mufupa. Mushono ya Aimée ilianza kujifunga tangu mu tumbo ya mama yake, mbele hata haujamugusa. Haiko kosa yako."

Nilitaka kumkumbatia yule daktari. Mwenzangu alikuwa amesafishwa jina! Nikageuka nione furaha yake, nikakuta uso umeanguka. Alikuwa anafikiri. Kisha akauliza polepole, "Na bale bengine? Bale bote nilifunga?"

Docteur Kahambu alijibu kwa upole. "Balijifunga benyewe, mama."

Tulirudi kwa miguu. Njiani nikaelewa taratibu, maana mimi si mwepesi wa mambo hayo. Ikiwa mkono wake haukumfunga Aimée, basi haukumfunga Noël wala mtoto mwingine yeyote. Ili abaki fundi, ilimbidi akubali kwamba yeye ndiye aliyemdhuru mjukuu wake. Na ili awe bila kosa, ilimbidi atupe maisha yake yote ya ufundi.

Asubuhi iliyofuata, shangazi wa Isangi alikuwa ameshuka mtumbwini na ndugu wawili ili wamchukue Chimène na mtoto. Majirani wakajaa, kama kawaida ya Kabondo kukiwa na ugomvi. Mama Victoire akatoka ndani. Alikuwa amevaa liputa lake zuri kuliko yote, ameoga, amesimama wima, nikasema moyoni: haya, leo atatutukana sote.

"Musikie," alisema. "Docteur alinielezea, na miye nimesikia muzuri. Miye sikufunga kichwa ya Aimée." Shangazi akafungua mdomo, lakini Mama Victoire akamnyooshea kiganja. "Ngoja, sijamaliza. Sikufunga hata ya mutoto ya mutu yote hapa. Vichwa vinajifunga vyenyewe. Miaka yote hii nilikuwa nakula kuku zenu bure." Akamgeukia mwanawe. "Dady! Enda uambie docteur oui. Leo. Bamufungue mutoto."

Dady alikuwa wa kwanza kulia, mtu mzima mbele za watu. Nami, kwa kuwa nilihisi machozi yangu yanakuja na siyapendi, nikapaza sauti kwamba nadai kuku niliyemtoa kwa kichwa cha Noël. Watu wakapasuka kwa kicheko, vigelegele vikafuata, na yule shangazi wa Isangi akabaki anatafuta pa kuweka mikono yake. Dady aliwasha pikipiki na kuondoka bila hata kufunga vifungo vya shati.

Siku ya upasuaji tulikaa uani hospitalini na rozari zetu. Dady alikuwa ametoa damu yake. Mama Victoire alikaa mbali kidogo na Chimène, kwa kuwa bado hakuna aliyemwambia kwamba ameruhusiwa kusogea. Docteur Kahambu alipotoka na kusema imekwenda vizuri, Chimène na mama mkwe wake walisimama kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake.

Bandeji ilipotolewa, tulikwenda kumwona mtoto. Kovu lilipita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, na Aimée alikuwa anacheka, anavuta pua ya baba yake. Docteur alieleza kwamba wametoa kipande cha mfupa uliojifunga, kwamba mwingine utaota polepole, na kwamba sasa ubongo una nafasi ya kukua. Mama Victoire alisikiliza akiwa mlangoni, mikono nyuma.

Chimène akamgeukia. "Mama, kuja."

"Hapana. Ulikataza nisimuguse."

"Kuja, nakuambia." Chimène akaenda mwenyewe, akamshika mkono, akauleta hadi juu ya kichwa cha Aimée, taratibu, nyuma ya kovu. Mama Victoire alifumba macho. Niliona vidole vyake vikitafuta lile tuta gumu, visilikute. Chini ya ngozi palikuwa palaini, panapanda na kushuka.

"Iko wazi," alinong'ona. Kisha akafumbua macho na kupiga kelele iliyowaamsha wagonjwa wote wa chumba kile: "Kichwa ya mujukuu wangu iko wazi! Bamama, iko wazi!" Na wanawake waliokuwa na watoto wao vitandani, ambao hawakumjua na hawakujua anasema nini, wakampigia vigelegele.